Laptopu imekataa Windows 11, sasa Linux nianzie wapi? Majibu ya maswali yenu

Mbukwenyi wakuu. Tangu Microsoft waache kuipa Windows 10 matengenezo ya kawaida, Oktoba 14, 2025, simu yangu haipumui, kila mtu ana laptopu ambayo ni nzima tu ila imeambiwa haifai. Leo najibu machache, mengine yanafanana kwahiyo usipojiona humu soma la mwenzako.

Nina HP ya mtumba nilinunua pale Majengo, ramu GB 4, hadidiski ya kawaida. Wananiambia niweke Linux. Ndo nini na naanzaje? (Kaka wa Nkuhungu)

Linux yenyewe ni kile kiini tu cha mfumo wa kuendesha kompyuta, kazi ileile ya Windows, alianza kukiandika mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991, akakiachia wazi kila mtu akione na akitengeneze. Wengine wakakizungushia madirisha na programu wakafungasha, na kila fungasho ndo linaitwa distro. Ubuntu ni mojawapo, ilitoka 2004, mwanzilishi wake Mark Shuttleworth ni wa Afrika Kusini, na jina ndo utu huuhuu tunaoujua. Linux Mint nayo imejengwa juu ya Ubuntu.

Kwa GB 4 mimi nakupeleka Mint ile ya Xfce, yaani yenye madirisha mepesi, sikuzungushi. Faili lake ni karibu GB 3 wakati la Ubuntu linagusa GB 6, kwahiyo hata bando lako lishaamua. Shusha kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue kwa mtu, tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu (kila kilichomo kinafutwa), iandike kwa programu ya Rufus ukiwa hukohuko Windows. Zima mashine, washa huku unagonga Esc halafu F9, kwa HP nyingi ndo hivyo, Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, chagua flashi. Itawaka Mint nzima kutoka kwenye flashi na hadidiski haijaguswa.

Hapo sasa usikimbilie kuinstoli! Kaa nayo siku mbili tatu, jaribu waifai, sauti, kamera, funga kifuniko uone kama ikilala inaamka. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma flashi, usiihukumu kwa hilo.

Naweza kuweka Linux bila kufuta Windows? Nina picha za harusi humo ndani. (Dada wa Ipagala)

Unaweza, zinakaa zote mbili na ukiwasha inakuuliza unataka ipi. Lakini dada angu, hamisha picha kwanza, kwenye diski ya nje au hata flashi mbili. Mimi mara ya kwanza nilibonyeza lile chaguo la kufuta diski yote nikidhani linafuta Windows peke yake, na picha za msiba wa babu zikaenda nayo, mpaka leo kwenye vikao vya ukoo natajwa. Kitu kingine ambacho mafundi wengi hawasemi: angalia kama BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski yote, imewashwa, laptopu nyingi za karibuni inajiwasha yenyewe, na ukichezea mambo ya kuwasha mashine Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike pembeni kabla. Zima pia ile ya kuwaka haraka (Fast Startup), maana Windows ikiwa imezimika nusunusu Linux haitataka kuandika kwenye diski yake.

Nasoma UDOM mwaka wa tatu, ripoti ni Word na data ni SPSS. Nitaweza?

Ripoti ndiyo, LibreOffice inafungua na kuhifadhi docx. Kinachosumbua ni fonti, Times New Roman haiji nayo, inawekwa Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule kwahiyo kurasa hazihami sana, ila ukitaka yenyewe kabisa kuna kifurushi kinaitwa ttf-mscorefonts-installer. Kwa msimamizi peleka PDF, ila akitaka kuandika maoni pembeni mpe docx na uikague kwanza kwenye kompyuta ya mwenzako. Jedwali lenye makro za Excel usilitegemee.

SPSS ya takwimu, kuna mbadala wake wa bure unaitwa PSPP, inasoma mafaili yaleyale ya sav na vipimo vya kawaida inafanya, na kuna R ambayo ni kubwa kuliko zote ila inataka uijifunze. Kama unakabidhi mwezi ujao, mdogo wangu, acha kila kitu kilivyo. Hamia likizo.

Nina steshenari Sabasaba, kompyuta moja na printa ya Canon ya siku nyingi, LBP2900. (Mama wa watatu)

Mama, hiyo mashine ndo inalisha watoto, usiiguse. Printa nyingi za HP zinashika zenyewe, lakini hiyo Canon inataka draiva yake (programu ya kuongea na printa) inayoitwa CAPT na kuiweka kwenye Linux ni usumbufu wa siku nzima. Ukipata kompyuta ya pili tuongee.

Shuleni tuna kompyuta sita za zamani, intaneti ni ya simu yangu. (Mwalimu, Kongwa)

Mwalimu, kwanza zipulize, vumbi letu unalijua, nusu ya uzito unaweza ukawa ni feni imeziba. Pili angalia kama ni za biti 64, zikiwa za biti 32 Mint mpya haiingii, tafuta antiX ya biti 32, distro nyingine nyepesi. Flashi moja inapiga zote sita na hakuna leseni ya kulipia.

Bando usilichome mara sita. Kwenye ile ya kwanza, kabla hujaongeza kitu kwenye nyingine, weka programu kwa komandi ya apt-get na siyo apt tupu, maana apt-get inabakiza mafaili ya deb, ndo vifurushi vyenyewe vya programu, kwenye /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye flashi, nenda kompyuta nyingine, fungua terminali (lile dirisha la kuandikia komandi) ndani ya folda hiyo, andika sudo dpkg -i *.deb, zinaingia bila intaneti. Ni sharti zote ziwe Mint ya toleo lilelile. Kwa sayansi anza na Kalzium, wanafunzi wanaona elementi zote, na Stellarium ya nyota.

Nikikwama namuuliza nani? Fundi wangu akisikia Linux anacheka anasema lete nikupigie Windows. (Manyoni)

Hili ndo swali lenyewe, na fundi simlaumu, hajawahi kulipwa kwa Linux. Watu wa kusaidia wapo wengi tu na ni bure, kuna Ask Ubuntu, tovuti ya maswali na majibu, kuna jukwaa rasmi la Mint, na majibu ya Ubuntu mara nyingi yanafanya kazi na Mint. Ila hawa wanajitolea, hakuna anayekudai wala unayemdai, kwahiyo ukiandika "waifai haishiki msaada tafadhali" watapita tu. Fungua terminali, andika inxi -Fxz, itamwaga maelezo ya mashine yako yote huku ikificha namba za utambulisho za vifaa, nakili ubandike. Sema ulitaka nini, ulifanya nini, ikakujibu nini, na ule ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno, usiutafsiri. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha. Uliza usiku, huko Marekani ndo mchana na bando la usiku ni rahisi.

Waifai ikigoma kabisa unga simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti, inashika palepale, halafu fungua kile kisanduku cha draiva cha Mint utafute ya waifai yako.

Na mtu akikupa komandi yenye sudo ambayo huielewi, usiibandike mpaka umeuliza kila neno linafanya nini. Anayetaka pasiwedi yako au aingie kwenye mashine yako kwa mbali, mkimbie.

Ipo ya Kiswahili? (Kondoa)

Kidogokidogo. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyohiyo. Siku hizi menyu nyingine utazikuta zimetafsiriwa nusu. Kutafsiri hakuhitaji ujue kuandika programu, na kama una neno zuri la terminali nitumie, unaona mwenyewe hapo juu nimelikimbia.