Pesa ya Mchango ni Arubuni: Kwa Vijana wa Lamu Wanaotaka Kutengeneza Gemu

Ukienda Matondoni kuagiza chombo, fundi haanzi na tanga. Anakuuliza unataka jahazi au mashua, urefu gani, utavulia samaki au utapakia mizigo, kisha mnakubaliana arubuni, yaani pesa ya kutanguliza. Ile arubuni hununua mbao za mkuku na mataruma, ndio uti wa mgongo na mbavu za chombo, na chakula cha wasaidizi wake. Hakuna fundi anayeipokea akaiita faida. Faida, ikiwapo, huja chombo kikishashuliwa.

Nimeanza na fundi kwa sababu tangu mwaka huu uingie vijana wanne wamenijia dukani Langoni, ninapotengeneza kompyuta, wote na wazo moja: kutengeneza gemu kuhusu Lamu na kuuomba umma uchange pesa. Wamesoma kwamba huko nje wako watu waliochangiwa mamilioni ya dola. Nimemjibu kila mmoja peke yake, na leo nawajibu nyote pamoja na wale ambao bado hawajanijia. Njia hii nimeipita. Nilipokea pesa za watu kabla sijaelewa ni pesa za namna gani.

Gemu mnayoitaja sana ni Divinity: Original Sin, ya kampuni ya Larian ya mjini Ghent, Ubelgiji. Ni gemu ya kuigiza: unachukua mhusika, unamkuza uwezo, unamchagulia la kusema na njia ya kupita, na hadithi inageuka kwa ulivyochagua. Mapigano yake ni ya zamu, kama bao. Unafikiri, unacheza, mwenzako anajibu. Mvua inazima moto, maji yanapitisha umeme, na mchezaji mwerevu huvitumia vitu hivyo kumshinda adui aliyemzidi nguvu. Wakati ule kampuni kubwa za usambazaji ziliona mapigano ya zamu yamepitwa na wakati. Machi 2013 Larian wakaenda Kickstarter, mtandao wa kuchangishia miradi, kuomba dola 400,000. Baada ya mwezi mmoja walikuwa na dola 944,000 na ushei, kutoka kwa watu zaidi ya 19,000. Gemu ikatoka tarehe 30 Juni 2014, na kufikia Septemba mwaka huohuo zilikuwa zimeuzwa nakala nusu milioni.

Hapo ndipo wengi wenu mnapoacha kusoma. Mimi naomba tukae hapohapo, mshike kalamu.

Chukua waliochanga, elfu kumi na tisa na kitu, uwapime na nusu milioni ya nakala. Ni kama wanne katika kila mia. Sasa chukua gemu yao ya pili, Divinity: Original Sin II. Mwaka 2015 walichanga watu zaidi ya 42,000, wakatoa dola milioni 2 na kidogo. Ilitoka Septemba 2017, na mwaka haujaisha ilikuwa imevuka nakala milioni moja. Piga hesabu tena: wanne katika mia. Pillars of Eternity ya kampuni ya Obsidian, Marekani, ilichangiwa mwaka 2012 na watu karibu 74,000, dola karibu milioni 4. Ilitoka Machi 2015, na mapema 2016 ilikuwa imeuza nakala 700,000. Hapo wachangiaji ni kama kumi na mmoja katika mia.

Hii si kanuni ya hesabu, na gemu yako inaweza kuwa na uwiano mwingine kabisa. Lakini tazameni inakoelekea. Walioifanya biashara hii ifaulu kwa sehemu kubwa ni watu ambao hawakuchanga hata senti. Walingoja, wakaiona gemu imekamilika, wakasikia wenzao wakiisifu, ndipo wakatoa pesa. Kijana mmoja aliniambia kwa furaha kwamba akipata wachangiaji 200 atakuwa amefaulu. Nilimwuliza wanunuzi 5,000 atawatoa wapi, na gemu itakuwa na nini cha kuwafanya waitafute. Alinyamaza. Sikumwuliza kwa kumvunja moyo. Ni swali ambalo nilitamani mtu angeniuliza mimi.

Na hizo dola 944,000, zinavyosikika nyingi! Kickstarter hukata asilimia 5 yake, halafu kuna ada ya malipo ya kadi, halafu zawadi za wachangiaji na gharama ya kuzituma. Kinachobaki kinalipa mishahara ya kampuni nzima kwa mwaka mmoja na zaidi. Larian walitia pesa zao wenyewe juu ya ule mchango, na mwanzilishi wao, Swen Vincke, amesimulia hadharani jinsi walivyokaribia kufilisika kabla gemu haijatoka. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1996. Ilikuwa na miaka kumi na saba ya kazi hii ilipoomba mchango, na gemu yenyewe ilikuwa imeshaanza kujengwa; waliochanga waliona mkuku umelazwa na mataruma yamesimama.

Sisi tulikuwa watatu, mwaka 2019, na hatukuwa na mkuku. Tulikuwa na picha moja nzuri sana ya jahazi machweo na hadithi ya nahodha kijana anayesafiri kutoka Lamu kwenda Siyu na Faza, akibeba bidhaa na siri za watu. Kickstarter haipokei miradi ya walioko Kenya, kwa hiyo tulichangisha kwa M-Pesa na daftari. Lengo letu lilikuwa shilingi 300,000. Tulipata 184,000, kutoka Mkomani, Langoni, Shela na kwa jamaa walioko Mombasa. Nilijiona nimefika.

Kompyuta moja yenye nguvu ilichukua 95,000. Mchoraji wetu tulimpa 30,000 za mwanzo, naye alistahili zaidi. Fulana tulizowaahidi wachangiaji zilichapishwa Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavushwa kwa boti, na mpaka kila mtu amepata yake tulikuwa tumetumia 38,000. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha zilibaki 21,000. Katika bajeti yetu yote, kurasa mbili zilizoandikwa vizuri, hakukuwa na mstari wa chakula. Fundi wa Matondoni ambaye hajawahi kuandika bajeti huhesabu chakula cha wasaidizi wake kabla ya kuhesabu misumari. Sisi tulidhani tutakula kwa mapenzi ya gemu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na mama mgonjwa, alikwenda kufanya kazi ya hoteli, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwenu ni hili: mwandike gharama ya kumaliza. Gharama ya kuanza ni ndogo na humdanganya mtu. Andika miezi, andika watu, andika chakula cha kila mtu kwa kila mwezi, stima, bando la intaneti, na siku za Ramadhani na Maulidi ambazo kazi hupungua. Kisha uongeze muda, kwa sababu hata wenye uzoefu huchelewa. Pillars of Eternity ilitarajiwa Aprili 2014, ikatoka karibu mwaka mzima baadaye. Original Sin iliahirishwa zaidi ya mara moja. Fulana ziacheni. Jina la mchangiaji ndani ya gemu, pengine kwenye ubao wa dau lililoegeshwa gatini, halichapishwi Mombasa na halipandi basi.

Neno la pili ni gumu zaidi kwetu sisi watu wa hapa, maana sisi kuchanga tumekulia nako. Mtu ana arusi, tunachanga. Ana mgonjwa, tunachanga. Mchango wa aina hiyo ukitoa umetoa. Huwezi kurudi kudai, na ukidai watu watakushangaa. Mchango wa gemu haufanani na huo hata kidogo, ijapokuwa unapita katika simu ileile. Aliyetoa anangoja kitu. Tusipomweleza hivyo tangu siku ya kwanza, sisi tutaona ametusaidia, yeye ataona ametuagiza kazi, na siku moja tutakutana njiani.

Nilikutana naye. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha zamani alikuwa ametoa shilingi 1,000. Alinisimamisha mbele ya ngome akaniuliza, kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mtezo wetu uwapi?" Aliposema "wetu" nilihisi uso ukiniwaka. Nilimjibu kwamba kazi inaendelea, na haikuwa ikiendelea. Baada ya siku ile kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikipita vichochoro vya nyuma ili nisimwone. Mji wetu ni mdogo, mnaujua. Kumkwepa mtu hapa ni kazi ya kutwa.

Mwishowe nilikwenda kwake na daftari. Nilimsalimia, nikakaa, nikamsomea kila shilingi ilikokwenda. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Basi nionyeshe kilichopo." Nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote kwa kuwa niliona haifai kuonyeshwa mpaka ikamilike.

Alikaa mbele ya kompyuta dukani, mkono wake mkubwa juu ya kipanya, akampeleka nahodha wetu kutoka Lamu kwenda Faza. Chombo kikaenda moja kwa moja. Akaniuliza huu ni mwezi gani ndani ya mchezo. Nikasema Januari. Akaniangalia. Januari ni msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, na Faza iko kaskazini mashariki yetu. Chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo. Nahodha hupiga bisho, anakata upande huu kisha upande ule, na kila anapogeuza anaweza kukosea. Sisi vijana watatu, watoto wa kisiwa, tulikuwa tumeandika gemu ya bahari isiyo na bisho.

Tulilirekebisha kosa hilo. Sasa kila zamu mchezaji anachagua ageuze au aendelee, akitazama upepo, maji na miamba, na wote waliojaribu wanasema ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Haikutoka katika pesa za mchango. Imetoka kwa mchangiaji mwenyewe.

Nilipokuja kusoma kwa makini habari za gemu zile kubwa niliona nao walifanya hivyo, kwa kiwango chao. Januari 2014 Larian waliiweka Original Sin kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ikiwa bado haijaisha, watu wakaicheza, wakasema panapovuja, nao wakakalafati kwa miezi mitano kabla ya kuitoa. Gemu ya pili waliipitisha njia hiyohiyo, safari hii kwa mwaka mzima. Naamini huu ndio mchango mkubwa zaidi ambao umma uliwapa, na haukuandikwa kwenye hesabu za Kickstarter. Watu elfu kadhaa waliotoa pesa zao wana sababu ya kukwambia ukweli.

Wako pia walioumia kwa ahadi. Kwenye Kickstarter kuna mtindo wa malengo ya ziada: tukifika kiasi fulani tutaongeza hiki, tukizidi tutaongeza na kile. Usiku wa mwisho wa kuchangisha, pesa zikipanda, ni rahisi kuahidi bahari nzima. Larian waliahidi kwa njia hiyo mzunguko wa usiku na mchana ambapo watu wa gemuni wangekuwa na ratiba zao, na mwisho wakauacha. Torment: Tides of Numenera ya kampuni ya inXile ilichangiwa zaidi ya dola milioni 4 mwaka 2013. Ilipokaribia kutoka, mwaka 2017, ikajulikana kwamba baadhi ya yaliyoahidiwa yamekatwa, ikiwemo tafsiri ya Kiitaliano, na wachangiaji walikasirika hasa kwa sababu walichelewa kuambiwa. Larian walisamehewa kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kizima. Msijiwekee matumaini ya kusamehewa. Ahidini kidogo, na mkikata kitu, semeni wiki hiyohiyo.

Kama mnataka mfano wa kuuiga, waacheni wakubwa hao kidogo mtazame Undertale. Toby Fox aliitengeneza karibu peke yake, akisaidiwa kwenye michoro. Mwaka 2013 alitoa kwanza demo, kipande kinachochezeka, watu wakakionja, ndipo akaomba dola 5,000. Alipata zaidi ya 51,000. Gemu ilitoka Septemba 2015, nayo imeuza zaidi ya milioni moja. Michoro yake ni ya kawaida kabisa. Kompyuta yoyote iliyoko dukani kwangu inaiendesha. Watu walivutwa na maandishi, muziki, na wazo kwamba unaweza kuimaliza bila kumwua adui hata mmoja. Kisiwa hiki kina maneno na muziki wa kutosha, tena vya bure, navyo ndivyo ninavyotaka mvianzie. Safari moja tu, kutoka gatini hadi Manda, ikiwa inachezeka kweli, ina uzito kuliko picha kumi za machweo.

Gemu yetu haijatoka. Tumebaki wawili, tunafanya usiku baada ya kufunga duka, na hatujaomba tena shilingi ya mtu. Kila Alhamisi baada ya alasiri ninaweka kompyuta kwenye baraza, na yeyote anayetaka hucheza sura ya kwanza. Sisi hatumwelekezi, tunakaa nyuma yake na kuandika alipokwama. Njooni na zenu pia, hata kama ni mlango mmoja unaofunguka na kufungwa, tuwakalishe watu mbele yake. Yule mzee huja karibu kila wiki. Mpaka sasa ana mistari kumi na saba kwenye daftari, na kumi na miwili tumeshairekebisha.