Jibu: Kwa nini mkojo hauwasombi bakteria wote kibofuni

Ndugu, umeuliza inawezekanaje bakteria wabaki kibofuni ilhali mkojo hupita kila mara na ungepaswa kuwasomba. Kwa E. coli, anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, jibu limo katika vinyweleo vyembamba vinavyouzunguka mwili wake, ambavyo kila kimoja kina nchani protini iitwayo FimH, yenye kishimo kinachopokea sukari aina ya manosi. Seli za ukuta wa kibofu zimefunikwa na protini za uroplakini zilizobeba sukari hiyo hiyo, na hapo ndipo bakteria hujishikiza. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mkondo wa mkojo unapomvuta, FimH hubadilika umbo na kukaza mshiko, kama fundo linalozidi kukaza kadiri kamba inavyovutwa. Mkondo ukitulia, mshiko hulegea. Kuhusu unga wa manosi unaouzwa kama kinga, wazo lake ni kuiziba FimH kabla haijafika ukutani, na kwa nadharia ni wazo zuri. Hata hivyo, jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2024 halikuonyesha kwamba unawapunguzia maambukizi wanawake wanaoyapata mara kwa mara.