Behewa la alumini linabonyea: usikimbilie kuongeza unene

Ndugu, umesema kwenye behewa dogo la mradi wenu wa chuo mmetoa chuma, mkaweka alumini ya unene uleule, na sasa sakafu inabonyea. Lazima ibonyee: alumini ina theluthi ya uzito wa chuma, na ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kupinda, nao ni theluthi. Mkiongeza unene tu, sehemu ya uzito mliopunguza inarudi. Tumieni kuta mbili zenye mbavu katikati, kama treni ya kasi ya Shinkansen 700 ya Japani. (Mimi nilianza na bati moja, nikajuta.) Kuchomelea kwa kawaida hudhoofisha alumini kando ya mshono, hivyo viwanda vingi vya treni huunganisha kwa msuguano, mbinu iliyobuniwa Uingereza mwaka 1991. Boliti za chuma zitengeni na alumini kwa plastiki, la sivyo penye unyevu alumini italiwa na kutu pale inapogusana na chuma. Kabla mtu hajapanda, mhandisi wa miundo apitie hesabu zenu.