Kutembelea mashamba ya Idjwi

Dada, umeuliza kama kule Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo, kuna mashamba madogo yanayopokea wageni. Yapo, lakini usitarajie hoteli ya shambani: ni mashamba ya familia, unaingia kwa kukaribishwa. Ukipanda boti hapa Bukavu, shuka kusini mwa kisiwa, umwone kwanza shefu wa kijiji. Yeye au watu wa koperative ya kahawa watakuongoza.

Nenda kati ya Machi na Juni, wakati wa mavuno. Utakuta miti ya kahawa ya arabika imepandwa katikati ya migomba, maharage chini yake, na majani ya mgomba yametandazwa juu ya udongo ili mvua isiubebe mpaka ziwani. Miteremko ya kule ni mikali, bila kazi hiyo shamba linakwisha. Ukifika kwenye kituo cha kuoshea kahawa, usipite haraka. Simama kwenye meza za kukaushia, uangalie akina mama wanavyochambua punje moja moja na kutupa zilizoharibiwa na wadudu. Kuna mdudu anaitwa antestia: punje aliyoitoboa inaweza kukifanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi. Omba uchambue nao kidogo, ndipo utajua kwa nini kahawa nzuri ina bei.

Mananasi nunua palepale kwa mkulima, na tafadhali usimbane bei. Picha za watoto, uliza wazazi kwanza.