Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Huiongoza Marching 100?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari. Niliwaonyesha wanafunzi wangu video ya bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Florida A&M cha Marekani, iitwayo Marching 100, wakaniuliza ni nani aliyeiasisi na kwa nini wapigaji wake huinua magoti juu namna ile. Sikuwa na jibu la maana. Naomba mnisaidie.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza maswali mawili ambayo jibu lake kwa kiasi kikubwa ni mtu mmoja, ingawa si yeye aliyeanza. Chuo chenyewe kilifunguliwa mjini Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida, mwezi Oktoba 1887, kikiwa na wanafunzi 15 na walimu wawili, kwa ajili ya vijana Weusi ambao hawakuruhusiwa kukanyaga katika vyuo vya Wazungu. Bendi ya kwanza iliundwa mwaka 1892 chini ya P. A. Van Weller. Nyakati hizo vyuo vya Weusi vilikuwa tayari vinavuta wanamuziki wa kweli: W. C. Handy, aliyekuja kuitwa baba wa blues, muziki wa Wamarekani Weusi, alifundisha na kuongoza bendi katika chuo cha Alabama A&M kati ya mwaka 1900 na 1902. Kutoka Tallahassee yenyewe walipita ndugu wawili ambao wapenzi wa jazz hawahitaji kuelezwa, mpiga saksafoni Cannonball Adderley na mdogo wake Nat, mpiga koneti.

Hata hivyo, bendi mnayoiona katika video ni kazi ya William P. Foster, aliyewasili chuoni hapo mwaka 1946 akiwa na umri wa miaka 26. Foster alizaliwa Kansas City, upande wa jimbo la Kansas, na kusoma katika Chuo Kikuu cha Kansas. Mwenyewe alisimulia kwamba aliambiwa huko kuwa hapakuwa na kazi ya uongozaji wa muziki kwa mtu Mweusi, naye akaazimia kuunda bendi ya Weusi itakayolingana na bendi bora za vyuo vikuu vya Wazungu. Azimio la namna hiyo wengi huwa nalo kwa wiki mbili. Yeye aliishi nalo kwa miaka 52, mpaka alipostaafu mwaka 1998.

Foster aliichukua nidhamu ya kijeshi ya bendi za gwaride na kuitia dansi. Bendi za vyuo zilizoea kutembea kwa mwendo mmoja na kupiga marshi, yaani nyimbo za gwaride. Yeye akaleta nyimbo zilizokuwa zikivuma redioni wiki ile, akazipangia upya sehemu za tarumbeta, tromboni na ngoma, kisha akawataka wapigaji wacheze huku wamebeba ala zao. Akabadilisha pia kasi: kikosi kinaweza kuingia uwanjani polepole kana kwamba kinasindikiza jeneza, na punde si punde kikawa kinakimbia bila mstari kupinda. Jina la Marching 100, yaani gwaride la watu mia, lilitokana na idadi ya wanamuziki ilipofikia mia moja. Siku hizi idadi hiyo hupitwa mara nyingi, lakini jina limebaki, na mimi naona ni vyema limebaki, kwa kuwa linakumbusha kwamba enzi fulani mia moja ilikuwa ndoto.

Sasa tuje kwenye magoti. Katika hatua ile paja hupanda mpaka likawa sambamba na ardhi, na ncha ya mguu huelekea chini, ili mguu unaposhuka vidole vitangulie kugusa nyasi na kisigino kifuate. Jambo hilo lina sababu yake. Mtu anayetua kwa kisigino hutikisa mwili mzima, na mdomo wa tarumbeta humgonga kwenye meno, kwa hiyo sauti hukatika. Anayetua kwa vidole huumeza mshtuko kwenye shavu la mguu, na noti hutoka imenyooka. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani umechorwa mstari kila baada ya yadi 5, na mwanamuziki hufundishwa kuutimiza umbali huo kwa hatua 8 sawasawa, hivyo hana haja ya kutazama chini. Miguu yenyewe humwambia yuko wapi. Mwambie mwanafunzi wako ajaribu kwa dakika kumi akiwa amebeba tuba begani, ndipo ataelewa kwa nini wenzake wa Florida hufanya mazoezi ya viungo kabla hata ya kugusa ala.

Mavuno ya kazi hiyo hayakuchelewa. Bendi ilitumbuiza wakati wa mapumziko ya Super Bowl ya tatu, fainali ya ubingwa wa futiboli ya Kimarekani, Januari 1969. Mwaka 1985 ikawa bendi ya kwanza ya chuo cha Weusi kutunukiwa Kombe la Sudler, ambalo kwa bendi za vyuo ni heshima isiyo na ya juu yake. Julai 14, 1989, Ufaransa iliipa mwaliko wa kuiwakilisha Marekani katika gwaride la miaka 200 ya mapinduzi yao, nao wanabendi wakashuka barabara ya Champs-Élysées kwa nyimbo za James Brown, wakiteleza kinyumenyume kwa mtindo wa Michael Jackson.

SWALI: Yule anayetangulia na fimbo, akapiga filimbi na kujipinda nyuma, ndiye mkurugenzi wa bendi? Na kama siye, mkurugenzi huwa wapi?

JIBU: Siye. Huyo ni kiongozi wa gwaride, naye ni mwanafunzi kama wengine. Filimbi yake ndiyo inayoanzisha mwendo, fimbo yake ndiyo inayoonyesha kasi, na kule kujipinda mpaka manyoya ya kofia yakakaribia nyasi ni fahari inayopendwa sana katika vyuo vya Weusi. Nafasi yake hushindaniwa, kwa kuwa anayeipata hutazamwa na maelfu ya watu kabla noti ya kwanza haijapigwa.

Mkurugenzi mara nyingi husimama pembeni ya uwanja, na ukimkuta ametulia, jua kazi yake imekwisha siku nyingi. Ni mwajiriwa wa chuo na mhadhiri wa muziki. Akisaidiwa na walimu wenzake, yeye ndiye anayechagua nyimbo, kupanga michoro ya uwanjani na kuamua nani asafiri. Chini yake kuna viongozi wa gwaride, kisha kila kundi la ala, iwe klarineti au ngoma, lina mkubwa wake aliye mwanafunzi, na huyo ndiye humfundisha mgeni hatua ya kwanza, humkagua sare na humkemea akichelewa. Mkurugenzi mmoja hawezi kuwafundisha kutembea watu mia nne. Bila ngazi hiyo ya wanafunzi bendi kubwa haisimami, na ni ngazi hiyo hiyo inayotupeleka kwenye barua inayofuata.

SWALI: Mwanangu anataka kwenda kusoma Marekani na ndoto yake ni kujiunga na bendi hii. Nimesikia kwamba kijana mmoja aliuawa na wenzake ndani ya bendi. Je, ni kweli, na uongozi ulifanya nini?

JIBU: Mzazi wangu, ni kweli, na sitakuficha. Robert Champion, kiongozi wa gwaride mwenye umri wa miaka 26, alifariki Novemba 19, 2011 mjini Orlando. Baada ya mechi kubwa ya mwaka dhidi ya Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman, alipita katikati ya basi la bendi lililoegeshwa nje ya hoteli huku wenzake wakimpiga kutoka pande zote, katika desturi ya siri ambayo mtu aliipitia ili aheshimiwe. Kifo kilihesabiwa kuwa mauaji, wanafunzi zaidi ya kumi walishtakiwa, na mmoja wao alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2001 mpiga tarumbeta wa bendi hiyo alipigwa mpaka figo zake zikashindwa kufanya kazi. Julian White, aliyemrithi Foster mwaka 1998 na ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, alieleza kwamba alikuwa ameonya mara nyingi na kwamba wiki chache kabla ya kifo hicho alikuwa amewasimamisha wanamuziki 26. Nayaamini maelezo yake, ila yananitia wasiwasi zaidi badala ya kunituliza, maana yanaonyesha kwamba mamlaka halisi ndani ya mabasi yalikuwa mikononi mwa wanafunzi wakongwe. Ilibainika pia kwamba takriban watu 100 waliokuwa kwenye orodha ya bendi hawakuwa wanafunzi wa chuo hicho muhula ule. Orodha isiyojulikana nani ni nani haiwezi kulindwa na mtu yeyote.

White aliondoka mwaka 2012, na rais wa chuo naye akajiuzulu mwaka huo huo. Bendi ilisimamishwa kwa zaidi ya msimu mzima, ikarejea uwanjani Septemba 2013 ikiwa ndogo zaidi, chini ya Sylvester Young, mhitimu wa chuo hicho aliyeitwa kuijenga upya. Masharti mapya yalimtaka kila mwanamuziki awe mwanafunzi halali mwenye alama za kuridhisha, na chuo kikaajiri wasimamizi wa kufuatilia mwenendo. Mwaka 2016 uongozi ukapita kwa Shelby Chipman, naye aliyewahi kupiga katika bendi hiyo. Mwanao akipata nafasi, zungumza naye waziwazi kabla hajaondoka: akiambiwa apitie jambo lolote ambalo mkurugenzi hapaswi kulijua, asilipitie, hata akiambiwa na rafiki.

SWALI: Je, wanawake wamewahi kuongoza bendi za namna hii?

JIBU: Wamechelewa kupewa nafasi, lakini wapo. Katika Marching 100 kiongozi wa gwaride wa kwanza mwanamke alichaguliwa mwaka 2018, miaka 126 tangu bendi ya kwanza ya chuo iundwe. Huko Louisiana, katika Chuo Kikuu cha Grambling State, Nikole Roebuck alikuwa mwanamke wa kwanza kushika ukurugenzi wa bendi iliyoanzishwa mwaka 1926 na R. W. E. Jones, bwana ambaye baadaye alikiongoza chuo kizima kwa takriban miaka 40 na bado akapata muda wa kuifundisha timu ya besiboli.