Rekoda ya zamani na umeme wa ukutani: majibu kwa wasomaji

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia rekoda ya kaseti, Sony TC-D5M. Mawe yake mawili makubwa ni ghali kununua kila mara. Nina adapta ya redio ya volti 6, naweza kuichomeka? (Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usiichomeke. Hiyo ni rekoda ya volti 3: betri mbili za D, kila moja volti 1.5. Adapta ya volti 6 ni mara mbili ya inachohitaji.

Ukipata ya volti 3, bado usiharakishe. Tazama karibu na tundu la umeme, utaona mchoro mdogo: kitone kimezungukwa na duara lisilofunga, na kila kimoja kina mstari unaokwenda kwenye alama ya + au −. Kitone ni ncha ya ndani ya plagi, duara ni ganda la nje. Adapta nyingi za leo zina chanya ndani, basi watu hudhani ndivyo ilivyo siku zote. Rekoda nyingi za zamani za Kijapani ni kinyume chake. Nimewahi kuletewa moja iliyochomekwa kinyume: nilipofungua kifuniko, kapasita ilikuwa imevimba na kupasuka kichwani, na meza nzima ikanuka shombo la samaki. Pima plagi kwa mita kwanza, kisha linganisha na mchoro. Mchoro ukiwa umefutika, mpelekee fundi afuate waya wa betri ndani.

Adapta yangu nzito ya transfoma imeandikwa volti 6, mita inasoma 9. Ni mbovu? (Kisumu)

Si mbovu. Adapta za zamani zisizo na regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, husoma juu zikiwa hazina mzigo, kisha hushuka kifaa kikianza kuvuta umeme. Lakini rekoda inayovuta kidogo haiishushi vya kutosha, kwa hiyo mimi siiamini kwa kifaa kama Walkman Professional WM-D6C cha volti 6. Tafuta yenye regyuleta. Ampia zikizidi usiogope, rekoda huchukua kiasi chake tu. Zikipungua ndipo mota inapoyumba na sauti kupinda.

Pawabenki je? (Mombasa)

Inatoa volti 5, na rekoda hizi hutaka 3, 6 au 7.5. Utahitaji kibao cha kupunguza au kuongeza volti katikati. Tena nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, na kanda itakufia katikati ya wimbo.

Fundi, nina rekoda ya mikanda ya gurudumu, Uher 4000 Report, na mikanda ya bibi akiimba harusini. Nikiiunganisha na kompyuta kwa adapta, kuna mvumo mzito. Nikirudisha betri, unaisha. (Zanzibar)

Umeshajijibu, ndugu yangu: kwa kazi hiyo tumia betri. Mvumo unapita kwenye waya wa ardhi kati ya adapta na kompyuta, na adapta nyepesi za kisasa huongeza mlio wake mwembamba juu. Chomoa na chaja ya kompyuta pia. Uher hiyo hula betri tano za D, volti 7.5; tano za kuchaji za volti 1.2 zinakupa 6, na kiwandani kwenyewe waliitengenezea betri ya kuchaji ya volti 6, kwa hiyo haitalalamika. Huenda mkanda huo ukakubali kuchezwa mara chache tu kabla haujaanza kupukutika. Sauti ya bibi iingie safi mara ya kwanza. Adapta ibaki ya kurudisha mikanda nyuma na kufanyia majaribio.

Nikichomeka adapta, niache betri ndani? (Nairobi)

Zitoe. Ndani ya tundu kuna kibati kinachokata betri plagi inapoingia. Kikishika kutu hakikati tena, umeme wa adapta unasukumwa kwenye betri zisizo za kuchaji, nazo huvuja. Ukikuta unga mweupe kwenye springi na betri zilikuwa za alkalini, lowesha kijiti cha pamba kwa siki, sugua, kisha pitisha spiriti na uache pakauke kabisa.