Kabla hujavaa vazi la chura: ushauri kwa wenzangu wa teknolojia huku Marekani

Tangu Oktoba 2025, waandamanaji wa Portland, Oregon, walipojazana mbele ya jengo la ICE, idara ya serikali kuu inayokamata na kufukuza wahamiaji, wakiwa ndani ya mavazi ya kujaza upepo, kila ninayekutana naye kazini anataka naye awe chura. Siwalaumu. Rais Trump alikuwa anasema mji unateketea, halafu kamera inaonyesha askari wenye silaha wamejipanga wanamtazama chura akikata mauno. Hapo unajibu nini?

Wanaoniuliza zaidi ni ndugu zangu wa Afrika Mashariki tunaoandika programu hapa Seattle, na wengi wapo kwa viza ya kazi. Nimekuwa kwenye vikundi vya maandamano miaka kadhaa, mara nyingi nikiwa upande wa cherehani, kwa hiyo mnisikilize kidogo.

Vyura waachieni Portland. Kule walengwa walikuwa serikali na maneno yake. Sisi tuna pengine pa kugusa, nako ni mikataba ya kampuni zinazotulipa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Novemba 2019. GitHub, kampuni ambako waandika programu huhifadhi kazi zao, ilikuwa imehuisha mkataba wa programu na ICE, wa dola kama 200,000. Wafanyakazi waliandika barua ya kupinga. Uongozi ukaahidi kutoa dola 500,000 kwa mashirika yanayosaidia wahamiaji, lakini mkataba ukabaki palepale. Basi siku ya mkutano mkubwa wa kampuni, San Francisco, waandamanaji wakaweka nje ya ukumbi sanamu ya Octocat, nembo ya kampuni, yule paka mwenye minyiri ya pweza ambaye wateja hubandika stika zake kwenye laptop, akiwa amefungiwa ndani ya kizimba kama mnyama. Ukitaka kuingia kusikiliza hotuba, unapita mbele ya paka wako mwenyewe yuko kifungoni.

Ndivyo mtani anavyofanya msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anataja hadi madeni aliyoacha, na wafiwa hawana pa kukasirikia. Angekuja na nguo zake mwenyewe angeonekana mlevi tu. Kwa hiyo mkikaa kupanga, chukueni kitu ambacho kampuni yenyewe inakipenda: kinyago chake, kaulimbiu yake, rangi zake, zile fulana za bure za mkutanoni.

Mkataba wa GitHub haukuvunjwa siku ile, na wafanyakazi kadhaa waliacha kazi. Linganisheni na Chef, kampuni ya programu ya Seattle, Septemba mwaka huohuo. Seth Vargo, aliyewahi kufanya kazi pale, alipojua kuna mkataba na ICE aliondoa mtandaoni programu alizoziandika mwenyewe, na huduma za kampuni zikayumba. Bosi alianza kwa kutetea mkataba. Siku chache baadaye akatangaza kwamba ukiisha hautahuishwa. Hapakuwa na kinyago hata kimoja. Mimi ninavyoona, mzaha unaleta kamera na kuwatoa woga wenzenu waoga, lakini bosi anasogea pale kazi au mauzo yanapoguswa.

Na mabosi wana uwezo, wasijifanye hawana. Oktoba 2025 Trump mwenyewe alisema ameahirisha kupeleka maofisa wa serikali kuu San Francisco baada ya kupigiwa simu na mabosi kama Jensen Huang wa Nvidia na Marc Benioff wa Salesforce. Ndiyo maana Januari 2026, baada ya ofisa wa ICE kumuua Renee Good kwa risasi huko Minneapolis, wafanyakazi wa teknolojia walioandika barua ya wazi waliwadai wakuu wao wapige simu tena Ikulu, na wavunje mikataba na ICE.

Kabla ya kununua kitambaa, mmoja wenu aingie USAspending.gov tovuti ya matumizi ya serikali, atafute jina la kampuni yenu. Mikataba mingi ya serikali kuu imo humo na kiasi chake. Bango lenye tarakimu linamtoa jasho msemaji wa kampuni kuliko bango lenye matusi.

Sasa viza. Uhuru wa kusema ulio kwenye Katiba ya Marekani unaifunga mikono serikali, haumfungi bosi wa kampuni binafsi. Sheria ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wanaoungana kudai mambo ya mazingira ya kazi. Maandamano ya siasa tupu yanaweza kuwa nje ya ulinzi huo. Aliye na H-1B, ile viza ya kazi ya wataalamu, kibarua kikiota nyasi, kwa kawaida ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au njia nyingine ya kisheria. Kwa hiyo mwenye uraia ndiye asimame mbele. Wewe soma mikataba, shona, andika, tafsiri. Muulize wakili wa uhamiaji, usiulize grupu la WhatsApp. Na chonde chonde, msipangie mambo haya kwenye laptop ya ofisi wala Slack, ile programu ya gumzo ya ofisi.

Kwa atakayevaa: feni iliyo mgongoni inapiga kelele hadi husikii amri za polisi, na kile kidirisha cha plastiki kinaingia ukungu. Awepo mtu wa kukushika mkono. Portland ofisa alimpulizia chura mmoja pilipili kwenye tundu la hewa, basi jueni mapema jinsi ya kulivua vazi upesi. Betri za akiba abebe huyo mshika mkono, vazi halina mfuko.

Moja la mwisho. Pale Tacoma, kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji kinachoendeshwa na GEO Group, kampuni ya magereza, kwa ajili ya ICE, msiende na mavazi haya bila kuuliza. Langoni kuna mama aliyekuja kumwona mwanawe, na hajaja kucheka. Waulizeni wale ambao husimama pale siku zote wanahitaji nini. Sisi tulipouliza, tuliambiwa wanataka watu wenye magari wa kuwarudisha ndugu mjini.